Tochi Haioni Kona

Mwanangu Neema,

Marahaba. Picha ya karatasi yako ya mtihani nimeiona. Umekosa swali la nne, la tofauti ya spidi na velositi, na umeniandikia kwamba ni kitu kimoja kilichopewa majina mawili. Mimi sikufika kidato cha pili, ila usukani wa basi nimeushika miaka kumi na tisa, Dar na Iringa, Iringa na Dar. Swali hilo nalijua kwa mgongo.

Anza na trafiki mwenye tochi, kile kifaa cha kupimia spidi, pale Chalinze. Akinimulika, tochi inamwambia kilomita 84 kwa saa, naandikiwa faini, maana mwisho wa basi ni 80. Haimwambii kama naelekea Morogoro au narudi Dar, wala yeye hana haja ya kujua. Hiyo ndiyo spidi, namba tupu. Velositi ni namba pamoja na uelekeo. Mabasi mawili yakipishana, kila moja 80, spidi zao ni sawa lakini velositi zao zinapingana.

Sasa ucheke. Nikitoka Dar alfajiri, nikalala Iringa, kesho yake nikarudi, dashibodi imeongeza kama kilomita 1,000. Basi liko stendi ileile lilikoanzia, kwa hiyo velositi ya wastani ya safari nzima ni sifuri. Mama yako husema hivyohivyo siku zote, kwamba nahangaika barabarani na sisogei.

Utamu uko kwenye mchapuko. Watu hudhani ni kukanyaga mafuta tu. Mchapuko ni badiliko lolote la velositi kwa kila sekunde: kuongeza mwendo, kupunguza, hata kukata kona. Napanda mlima Kitonga, mshale umetulia kwenye 30, hautikisiki, na bado kila kona abiria wanaegemeana. Spidi haijabadilika, uelekeo umebadilika. Basi likikata kushoto, mwili wa abiria unataka kuendelea kule ulikokuwa ukienda, naye anaona kama amesukumwa kulia. Hakuna aliyemsukuma, kiti ndicho kinachomvuta kushoto. Lakini kwenye barabara iliyonyooka, 80 bila kugusa chochote, watu wanasinzia na wengine wanamimina chai. Mwili hauhisi spidi, unahisi mchapuko.

Breki nazo ni mchapuko, ila unaelekea nyuma. Mwaka wangu wa kwanza, ndani ya hifadhi ya Mikumi, swala alikatiza mbele yangu. Nilikanyaga breki yote. Swala alipona, trei za mayai za mama mmoja hazikupona, na nililipa mimi.

Tupige hesabu yake. Kilomita 80 kwa saa, gawanya kwa 3.6, ni kama mita 22 kwa sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu haujafika kwenye breki, mita 22 zimeondoka bure. Tuseme kila sekunde breki zinapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde. Gari litasimama baada ya sekunde nne na nusu hivi, na kwa kuwa wastani wa mwendo wake hapo ni nusu ya ule wa mwanzo, litakuwa limekula mita 49 nyingine. Jumla 71. Rudia kwa 50: mita 14 za kushtuka na 19 za breki, jumla 33. Umeona? Spidi haikupungua hata kwa nusu, lakini njia ya kusimama imepungua zaidi ya nusu. Ni kwa sababu kwenye umbali wa breki spidi inazidishwa kwa yenyewe. Hapo ndipo pa kutumia muda wako, kuliko kukariri maana.

Ukifunga shule utateremka nami. Kaa kiti cha nyuma yangu, ushike chupa ya maji nusu. Tukifika Kitonga, kwenye kona ya kushoto maji yatapanda upande gani wa chupa? Na nikifunga breki? Niandikie jibu kabla hujapanda gari, tuone. Kifuniko ukikaze, viti vimeshonwa upya juzi tu.

Baba yako