Sumukuvu ipimwe hadi kwenye sahani

Mhariri,

Kila mahindi yanapokutwa na sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu), wananchi huambiwa unga uliobaki sokoni "haujavuka kiwango", na mjadala unaishia hapo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 5 (mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu) za sumukuvu aina ya B1 kwa kilo ya mahindi. Hiyo ni hesabu ya gunia. Saratani ya ini inafuata hesabu ya mlaji.

Mtu wa kilo 60 anayekula ugali mchana na usiku humaliza gramu 400 za unga. Kwa kiwango hicho anameza mikrogramu 2, yaani nanogramu 2,000. Gawa kwa 60: nanogramu 33 kwa kila kilo ya mwili wake, kila siku. Wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) walikadiria kuwa kila nanogramu moja ya namna hiyo huleta wagonjwa 0.01 wa saratani ya ini kwa mwaka katika watu 100,000 wasio na virusi vya homa ya ini B, na 0.3 kwa walio navyo. Zidisha kwa 33: wa kwanza wanapata mgonjwa 0.3, wa pili 10. Ugali ni uleule! Mtoto wa kilo 12 anayekula gramu 150 anafikia nanogramu 62, karibu maradufu ya mtu mzima.

Unga wenye mikrogramu 50 kwa kilo unazidisha hatari mara kumi, hata kama hakuna aliyeugua. Vifo 125 vya Kenya mwaka 2004 vilitokana na sumu nyingi mno kwa muda mfupi. Saratani huja kimyakimya baada ya miaka.

Vipimo navyo hudanganya. Punje chache zaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, hivyo bambo (chuma cha kuchotea sampuli guniani) moja likichomwa pembeni linaweza kuleta sifuri. Zichomwe gunia nyingi, juu, kati na chini, kisha sampuli yote isagwe na kuchanganywa kabla ya kuchota ya kupima.

Kupika hakuiondoi sumu hii. Kukausha mahindi hadi unyevu wa asilimia 13.5 kunazuia isiongezeke; kuchambua punje zilizovunda na kukoboa kunaipunguza, ila pumba zake zikilishwa ng'ombe sumu hurudi kwenye maziwa. Nusu ya ugali ikibadilishwa kwa viazi au ndizi, dozi nayo inashuka nusu. Watoto wakamilishiwe chanjo ya homa ya ini B.

Mamlaka zinapotangaza matokeo, tunaomba zitaje namba iliyopatikana na idadi ya magunia yaliyochomwa.

Wapimaji wa nafaka,
Dodoma