Barua kwa mwanangu: kafeini na marathoni yako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa makini. Unauliza kama unywe kahawa asubuhi ya marathoni, na kama vile vidonge vya kafeini wanavyomeza wenzako wa kikundi vina faida yoyote. Kafeini, ile inayokuchangamsha kwenye kahawa na chai, inasaidia, hilo usiwe na shaka nalo. Katika vitu vyote wanavyouziwa wakimbiaji, vilivyopimwa miaka mingi vikaonekana kufanya kazi kweli ni vichache sana, na kafeini ni kimojawapo. Ila ina kipimo chake na ina saa yake, na watu wengi wanaitumia kwa kubahatisha. Wewe nisingependa ubahatishe kwenye kilomita 42.

Fahamu kwanza inafanya nini mwilini, maana mengine yote yanatokea hapo. Kadiri unavyokaa macho na kujituma, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo. Inashika vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, na ndipo unapohisi mwili mzito na mwendo uleule unaanza kuwa mgumu. Kafeini inafanana na adenosini kwa umbo, basi inawahi vile vipokezi na kuvikalia. Uchovu wenyewe upo palepale, wewe tu huusikii kwa nguvu ileile.

Mwaka 1978, mtafiti Costill na wenzake huko Marekani waliwapa waendesha baiskeli kahawa yenye miligramu 330 za kafeini, wakadumu dakika 90 hivi badala ya 75. Wakati ule walieleza kwamba mwili ulikuwa unachoma mafuta zaidi na kutunza sukari ya akiba kwenye misuli. Matokeo yao yamesimama, lakini maelezo yamebadilika: leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inahesabiwa kuwa ni ya ubongo. Kwako maana yake ni kwamba kafeini si chakula. Wanga ukikuishia kilomita ya 32, hata umeze vidonge vitatu, miguu haitapata cha kuchoma. Mpango wa kula njiani unatangulia, kafeini inafuata.

Faida yenyewe, mambo yakienda vizuri, huwa asilimia 2 hadi 4, na kwa wengine ni chini ya hapo. Kwa mtu wa saa nne, asilimia 2 ni kama dakika tano. Si haba, lakini mazoezi uliyoruka hayafidiwi kwa dakika tano.

Sasa kipimo. Hesabu kwa uzito wako, usihesabu kwa vikombe. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili, kama saa moja kabla ya kuanza. Wapo wanaonufaika kwa miligramu 2 tu kwa kilo. Ukifika 9 kwa kilo huongezi kasi, unaongeza mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na wasiwasi. Wewe una kilo 56, kwa hiyo 3 kwa kilo ni miligramu 168, na 6 kwa kilo ni 336. Nakushauri ukae upande wa chini, kati ya 110 na 200. Aliye na kilo 80 akikwambia yeye anameza 400, hiyo ni 5 kwa kilo kwake, lakini kwako ingekuwa zaidi ya 7.

Tatizo la kahawa ni kwamba hujui umekunywa kiasi gani. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja huwa na miligramu 80 hadi 100 hivi, lakini aina ya buni, wingi wa unga na muda wa kuiloweka hubadilisha hesabu yote, na kahawa ya duka moja siku mbili tofauti inaweza kupishana hata mara mbili. Kahawa ya kukoroga huwa na kidogo zaidi, mara nyingi 60 hivi. Chai ni 30 hadi 50, na kopo dogo la kola ni 35 au pungufu. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na 80. Kama unapenda kahawa yako ya asubuhi, inywe kwa raha zako, ila siku ya mbio kafeini unayoitegemea iwe ile iliyoandikwa namba kwenye pakiti: kidonge au jeli, ule uji mzito wa sukari wanaokula wakimbiaji njiani. Na soma vizuri, maana jeli za aina moja zenye ladha tofauti huweza kuwa na 25, 50 au 100, na nyingine hazina kabisa. Vidonge vingi ni vya 100 au 200. Kikiwa cha 200 kikate katikati kwa kisu nyumbani usiku wa kuamkia mbio. Usikingoje kwenye mstari wa kuanzia na kukivunja kwa meno.

Mbio zako zinaanza saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili kamili, ukiwa umeshakula, meza miligramu 100 kwa maji. Jeli zako za kawaida zisizo na kafeini endelea nazo kama ulivyozoea, kila baada ya dakika 30 au 40. Kilomita ya 25 kula jeli yenye 50, na ya 32 kula nyingine yenye 50. Jumla ni 200, yaani 3.6 hivi kwa kila kilo yako.

Utaniuliza kwa nini usimeze zote 200 asubuhi yakaisha. Kwa sababu mwanzoni huhitaji msaada. Pale mstarini moyo umeshapanda kwa msisimko, watu wamekuzunguka, miguu imepumzika wiki nzima. Ukiongeza dozi kubwa hapo, mwendo wa sekunde 15 haraka kuliko mpango wako kwa kila kilomita utauona wa kawaida kabisa. Wanga utakaouteketeza kwenye kilomita hizo tano za kwanza ndio utakaoulilia kilomita ya 35. Uchovu wa marathoni unakuja theluthi ya mwisho, na huko ndiko dozi ndogo inakofaa. Waendesha baiskeli waliopewa miligramu 1 hadi 2 tu kwa kilo sehemu ya mwisho ya safari walinufaika karibu sawa na waliomeza 6 kwa kilo kabla ya kuanza.

Angalia na saa pia. Kafeini uliyoimeza hufika kileleni kwenye damu baada ya dakika 30 hadi 60, na kwa wengine zaidi. Kwa mwendo wako wa dakika tano na nusu kwa kilomita, jeli ya kilomita ya 25 itakuwa imeshaanza kazi ukikaribia ya 30. Jeli ya kafeini kilomita ya 38 ni kazi bure, zimebaki dakika 23. Jojo za kafeini za kutafuna huingia haraka zaidi kwa sababu sehemu yake inapitia ngozi ya ndani ya mdomo, lakini kutafuna huku unahema si kila mtu anaweza. Zijaribu mazoezini kabla ya kuziamini.

Tumbo ndilo litakalokuharibia siku kuliko kitu kingine. Kahawa huamsha utumbo mpana, na kwa watu wengi haja inakuja ndani ya nusu saa. Asubuhi hiyo hili linaweza kuwa na faida, mradi uinywe saa mbili au zaidi kabla ya mbio ili upate muda wa kwenda chooni mara mbili. Ukiinywa dakika 40 kabla, utatafuta choo kilomita ya 6. Jeli zimezwe na maji, si na kinywaji kingine chenye sukari, maana sukari nyingi kwa pamoja hukaa tumboni na kuvuta maji, na hapo ndipo kuharisha kunapoanzia. Lile la kwamba kafeini inakausha maji mwilini lisikusumbue. Kwa vipimo hivi, na kwa mtu aliyezoea kunywa kahawa au chai, ongezeko la mkojo ni dogo, na ukiwa unakimbia karibu halipo.

Usingizi sasa, na hapa nakuomba unisikilize sana. Kafeini inachukua kama saa tano mwili kuondoa nusu yake, ingawa kwa mtu na mtu huanzia saa tatu hadi saba. Ukimeza 200 saa kumi jioni kabla ya mazoezi ya kasi, saa tatu usiku bado una 100, na saa nane usiku una 50. Imepimwa kwamba miligramu 400 zilizonywewa saa sita kabla ya kulala zinapunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja, na mtu mwenyewe huenda asigundue. Asubuhi unaamka umechoka, unakunywa zaidi, jioni unarudia. Mkimbiaji anayelala saa tano kwa usiku ili afanye mazoezi kwa kafeini anajipunja, kwa sababu misuli hujijenga usiku. Siku za mazoezi ya jioni acha kabisa. Weka dozi kwa mbio ndefu za asubuhi na kwa mashindano.

Kama unatumia vidonge vya majira, na hilo ni lako mwenyewe wala sikuulizi, ujue ini litachelewa kuondoa kafeini karibu mara mbili. Dozi ya kilomita ya 32 itakuweka macho usiku ule. Antibiotiki iitwayo siprofloksasini nayo huchelewesha vivyo hivyo, kwa hiyo ukiwa kwenye dozi yake usitumie kafeini ya mbio. Dawa za mafua zenye sudoefedrini usizichanganye nayo hata siku moja. Zote mbili zinasukuma moyo upande mmoja, na sudoefedrini ikizidi kiwango kwenye mkojo siku ya mashindano ni kosa la dawa haramu.

Kafeini yenyewe si haramu. Iliwahi kuwa na kikomo, mikrogramu 12 kwa kila mililita ya mkojo, lakini ilitolewa kwenye orodha Januari 2004, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, inaendelea tu kuifuatilia. Hatari iko kwenye poda za kuchanganya kabla ya mazoezi, zile zenye viungo ishirini kwenye lebo. Nyingine zimekutwa na vichangamshi vilivyopigwa marufuku ambavyo havikuandikwa, na ukipimwa ukakutwa navyo, kusema hukujua hakukuokoi. Unga mtupu wa kafeini usiuingize nyumbani. Kijiko kimoja cha chai kina gramu kadhaa na kinaweza kuua.

Wapo watakaokwambia uache kahawa wiki nzima ili siku ya mbio ikukolee. Sioni haja. Anayeizoea naye hunufaika, na ukiacha ghafla kichwa kinaanza kuuma ndani ya siku moja, kinazidi siku ya pili, na uchovu unaweza kukaa zaidi ya wiki. Endelea na kikombe chako, usiongeze tu.

Jambo moja linalosahaulika ni madini ya chuma. Kahawa na chai zikinywewa na chakula huzuia chuma cha mboga na nafaka kuingia mwilini, na mwanamke anayekimbia sana anakihitaji kila kidogo. Chai yako isogee angalau saa moja mbali na mlo, na kama unameza vidonge vya chuma, mbali zaidi.

Mdogo wako naye ameanza kukuiga. Yeye bado hajafika miaka 18, ana kilo 45, na kwa umri wake kafeini ya siku nzima isizidi miligramu 3 kwa kilo, yaani 135. Kopo moja kubwa la mililita 500 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina 160. Mwambie wewe, mimi hanisikii kama anavyokusikia.

Mbio ndefu ya Jumamosi anza na 100 tu saa moja kabla, bila jeli yoyote yenye kafeini. Andika saa uliyomeza, tumbo lilikuwaje, kilomita tano za mwisho ulizikimbia kwa muda gani, na usiku ulilala saa ngapi. Jumamosi inayofuata ongeza jeli ya 50 kilomita ya 25. Ya tatu fanya mpango mzima. Moyo ukipiga bila mpangilio, kifua kikibana au ukahisi kuzimia, simama hapohapo, tafuta mhudumu wa afya na umwambie umemeza miligramu ngapi na saa ngapi. Namba zako nitumie kila Jumapili nizione kabla hatujaamua dozi ya siku yenyewe.

Mama yako anayekupenda