Barua kwa mwanangu: usiache kumwombea baba yako mdogo

Binti yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma, na nimeona heri nikuandikie kuliko kupiga simu, maana jambo lenyewe halitaki majibu ya juu juu. Unasema ulipomtaja baba yako mdogo kwenye maombi hapo chuoni, kiongozi wenu alikukatiza: aliyeokoka kisha akarudi nyuma ametenda dhambi ya mauti, na Yohana amekataza kumwombea. Tangu hapo umenyamaza.

Fungua waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 5, lakini usianzie mstari wa 16. Anzia wa 14. Pale Yohana anasema habari za ujasiri tulio nao mbele za Mungu, kwamba tukiomba sawasawa na mapenzi yake, atusikia. Ombi la kwanza analolitaja baada ya hapo ni lipi? La kumwombea ndugu aliyekosa. Ndipo anaongeza: "Iko dhambi iliyo ya mauti. Sisemi ya kwamba ataomba kwa ajili ya hiyo." Soma tena polepole. Hajasema "msiombe". Hajaitaja dhambi hiyo kwa jina, wala hajampa mtu yeyote kazi ya kuwapanga ndugu, huyu wa kuombewa na yule wa kuachwa.

Wengi wamejaribu kuitaja kwa niaba yake. Tertullian wa Carthage, mwandishi wa Kikristo wa zamani huko Afrika Kaskazini, aliwaweka humo wauaji, waabudu sanamu na wazinzi. Wengine huwakumbuka Anania na Safira, mume na mke waliomdanganya Roho Mtakatifu wakafa papo hapo. Jirani zetu Wakatoliki wakisema "dhambi ya mauti" wana maana yao: jambo zito, lililotendwa kwa kujua na kwa hiari kamili, na hata hiyo, kwao, huondolewa katika kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi. Kwa hiyo usichanganye.

Mimi naona jibu liko ndani ya waraka wenyewe. Sura ya 2 inawataja watu waliotoka katika kundi la waamini, wakikana kwamba Yesu ni Kristo. Hao ndio waliomuumiza Yohana. Sasa mpime baba yako mdogo hapo. Aliacha ibada baada ya ule ugomvi wa fedha za ujenzi usharikani. Anawakana wazee wa kanisa, kweli, na kwa maneno makali. Yesu sijamsikia akimkana. Najua ni mdogo wangu na huenda nampendelea, lakini mambo haya mawili hayalingani.

Tuseme basi angekuwa amekana kabisa. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola yake watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi walikwenda kutoa. Wengine, wajanja, walinunua hati bila kutoa chochote. Dhoruba ilipopungua wakataka kurudi, na kule Roma kasisi mmoja, Novatian, akashikilia kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapokea tena. Cyprian, askofu wa Carthage, alikutana na maaskofu wenzake mwaka 251, wakakataa ukali huo: mlango wa toba usifungwe, ila kila mtu achunguzwe kwa kadiri ya kosa lake, wala asipokelewe kwa haraka haraka. Cyprian hakuwa mtu wa kuchukulia kukana imani kirahisi. Mwaka 258 yeye mwenyewe alikatwa kichwa kwa kukataa kuabudu miungu.

Petro naye alikana mara tatu, tena akiapa.

Usinielewe vibaya, mama. Waebrania sura ya 6, isemayo kwamba walioanguka haiwezekani kuwafanya upya wakatubu, inatisha, na imeandikwa itutishe. Ninapoisoma natetemeka kwa ajili yangu, kwa moyo unaozoea kusema "nitatubu kesho". Ila sijaona mahali ninaporuhusiwa kuishika kama rula ya kumpimia mdogo wangu.

Kiongozi wenu usibishane naye mbele ya wenzako. Ni kijana, na bidii anayo. Mwombe msome naye waraka wote, sura tano tu, haitawachukua hata nusu saa. Na jina la baba yako mdogo lirudishe kwenye maombi leo hii.

Jumamosi anakuja kunisaidia kuezeka banda la ng'ombe. Nitampa simu muongee. Habari ya mstari wa 16 usimguse nayo. Muulize goti lake linaendeleaje.

Baba yako