Harambee ya Kukausha Madarasa Yetu kwa Ajili ya Watoto Wenye Pumu

Kwa wazazi, waumini na majirani wa Mkomani na Langoni, pamoja na wana wa Lamu walioko Mombasa, Nairobi na ng'ambo: Assalaam aleikum.

Sisi, kamati ya wazazi wa madrasa, tunawaomba mchango wa kukarabati vyumba vya chini ambavyo kuta zake hulowa kila masika, na ambamo watoto wenye pumu huanza kukohoa kabla somo la kwanza halijakwisha.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba pumu huletwa na baridi, na kwa hiyo mtoto akibanwa kifua siku ya joto hudhaniwa anasingizia. Si hivyo. Hewa ya joto iliyojaa unyevu husisimua mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya njia za hewa, na kwa mwenye pumu njia hizo hubana. Watafiti wameliona hilo kwa wagonjwa waliopumua hewa ya namna hiyo kwa kasi kwa dakika chache tu. Zaidi ya hayo, unyevu hulea vitu viwili vinavyochochea pumu. Cha kwanza ni kuvu, ile koga nyeusi inayotambaa ukutani na kumwaga mbegu zake hewani. Cha pili ni utitiri wa vumbi, mdudu asiyeonekana kwa macho, aishiye katika mikeka, mito na magodoro. Hanywi maji bali hufyonza unyevu wa hewani, na hewa ikikauka chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu hufa. Hapa kisiwani hewa haikauki kiasi hicho kwa urahisi, ndiyo maana chumba chenyewe hakina budi kusaidiwa.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, ambayo hunyonya maji kutoka ardhini na huyatoa polepole yakipakwa chokaa. Ukarabati wa zamani ulitumia saruji, nayo huyafungia maji ndani ya ukuta, hivi kwamba kukwangua koga na kupaka rangi mpya ni kupoteza fedha. Tunakusudia kubandua saruji yote, kupiga lipu ya chokaa, kuziba paa linalovuja na kufungua tena madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite. Kwa kuwa jengo limo ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, mpango huu utapelekwa kwanza kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mikeka itaanikwa juani kila wiki. Udi na ubani, ambao tunauenzi, utafukizwa uani na si darasani, kwa sababu moshi wake huwabana watoto hawa sawa na moshi wa kuni.

Sehemu ndogo ya mchango itanunua inhela za salbutamol, yaani vipulizio vya dawa ya pumu, ambazo hufungua kifua kwa dakika chache, pamoja na vifaa vya plastiki vya kuvutia dawa hiyo, maana mtoto mdogo akipuliziwa moja kwa moja mdomoni dawa nyingi huishia kooni. Tutamwalika tabibu awafundishe walimu, na awaeleze wazazi jambo ambalo linatuhuzunisha kuliko yote: wapo wanaoificha inhela ya mtoto kwa kuogopa kwamba itamzoesha. Inhela hailevyi. Anayeihitaji mara kwa mara hana budi kupelekwa hospitali apewe dawa ya kila siku ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, kwani ile ya kufungua peke yake haiuondoi uvimbe huo.

Kazi inatakiwa ianze likizo ya Disemba na ikamilike wakati wa kaskazi, kwa sababu chokaa iliyopigwa karibu na masika ya Aprili haitapata muda wa kukauka. Makadirio ya fundi yamebandikwa kwenye ubao wa msikiti, na kila shilingi itakayopokelewa itaandikwa hapo hapo. Michango inapokelewa na mweka hazina kila Ijumaa baada ya sala. Walio mbali wawatume jamaa zao. Mifuko ya chokaa na siku za kazi za mafundi ni mchango pia, na wenye punda watakaojitolea kubeba mizigo kutoka gatini wajiandikishe kwake.