Picha za familia kwenye skrini ya ukutani

Tabata, Dar es Salaam

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto, na kwa mama ikiwa bado yupo kwenu Kigamboni. Swali lako, namna ya kuchagua skrini ya inchi 55 na kuonyesha picha za familia ukutani bila kupoteza ukali wake, nimeona nilijibu kwa barua, si kwa ujumbe wa sauti, maana limejaa vipimo, na kipimo kinachosikika tu hupotea kabla mtu hajafika dukani.

Nianze na Kariakoo, dukani. Kioo cha 4K halisi kina pikseli (vile vijinukta vinavyounda picha) 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani kama milioni 8.3. Kile cha HD kamili kina 1920 kwa 1080, milioni 2 tu na kidogo. Sasa zipo skrini zenye stika kubwa ya 4K ambazo zinapokea faili la 4K kisha zinalipunguza ili liingie kwenye kioo cha 1920, au hata cha 1366. Stika haisemi uongo moja kwa moja, ila haisemi habari za kioo. Geuza boksi, tafuta tarakimu 3840 x 2160 kwenye lebo ya vipimo. Usipoziona, ondoka.

Ukiziona, bado jaribu. Tengeneza picha ya 3840 kwa 2160 iliyojaa mistari ya wima, mmoja mweusi mmoja mweupe, kila mstari upana wa pikseli moja. Iweke kwenye flashi kwa namna mbili: kama JPEG (faili la kawaida la picha), na kama video ya sekunde 30. Mwombe muuzaji aifungue, sogeza uso karibu na kioo. Mistari ikionekana safi, mmoja mmoja, njia yote ya picha, kutoka flashi hadi kioo, iko sawa. Ukiona rangi ya kijivu tupu au mawimbi mawimbi, kuna mahali picha imepunguzwa kisha ikakuzwa tena.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe, swahiba, kwa hiyo nivumilie. Mara nyingi utakuta video inatoka safi lakini JPEG ileile inatoka kijivu, kwenye kioo kilekile cha 4K halisi. Sababu ni hii: ndani ya runinga mna tabaka mbili za kuchorea. Moja ni ya video, nayo hufika 3840 kwa 2160. Nyingine ni ya menyu na programu, na watengenezaji wengi huiacha kwenye 1920 kwa 1080 ili kuokoa kumbukumbu na kazi ya prosesa. Programu ya kuonyesha picha kutoka kwenye flashi mara nyingi huchora kwenye tabaka hilo la pili. Runinga inachukua picha yako nzuri, inaishusha hadi pikseli milioni 2, kisha inaivuta ijaze kioo. Robo tatu ya ulicholipia haifanyi kazi, na hakuna maandishi popote yanayokuambia hivyo. Wengi wanaishi na skrini hizi miaka wakidhani kamera yao ndiyo dhaifu.

Njia mbili zinaliepuka hilo. Ya kwanza ni laptopu kwa waya wa HDMI. Laptopu yenye HDMI 2.0 hutoa 4K mara 60 kwa sekunde, yenye 1.4 huishia mara 30, na kwa picha zisizosogea 30 zinatosha kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya kompyuta uhakikishe imeandika 3840 x 2160, kwa sababu mara nyingine huanza na 1920 bila kukuuliza. Waya wa mita 2 unatosha. Ile ya mita 10 ya bei rahisi huleta vidoa vya kumetameta au kioo kuwa cheusi kwa sekunde mbili tatu. Kisha kwenye rimoti badilisha jina la tundu hilo la HDMI liwe PC. Inaonekana kama jambo la lebo tu, lakini kwenye runinga nyingi ndilo linaloiambia ipokee rangi kwa ukamilifu. Bila hivyo weusi na weupe hubaki kwa kila pikseli, ila rangi hukusanywa kwa mafungu ya pikseli mbili au nne. Utaliona kwenye picha ya mtu aliyevaa kanga: lile jina la kanga, herufi nyekundu kwenye weupe, kingo zake zinavuja.

Njia ya pili ni kuzifanya picha kuwa video, ili zipite kwenye tabaka la video. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure, hutoa video ya 3840 kwa 2160. Weka kila picha sekunde 8, fremu 30 kwa sekunde, chagua H.265 (namna ya kubana video), kasi ya megabiti 40 kwa sekunde. Picha 75 zitakupa dakika 10, na faili litakuwa kama gigabaiti 3. Nimekupa hesabu hiyo makusudi: flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na runinga nyingine hazisomi mfumo mwingine. Gawa picha kwenye video kadhaa za dakika kumi kumi, ziite 01, 02, 03, kisha washa kurudia zote. Herufi za kanga zitavuja kidogo hapa, maana video hubeba rangi kwa yale mafungu ya nne. Hata hivyo kwa kazi ya kila siku ningechagua njia hii, kwa sababu shemeji anaweza kuiwasha kwa rimoti bila kutafuta laptopu.

Kurusha skrini ya simu kwenda kwenye runinga kupitia Wi-Fi, achana nako. Simu inabana kioo chake kuwa video ya papo kwa papo, na sura za watu huwa laini kama zimepakwa mafuta.

Sasa picha zenyewe. Kioo kina umbo la 16 kwa 9, lakini simu nyingi hupiga 4 kwa 3, na kamera kubwa nyingi 3 kwa 2. Picha ya kulala ya simu punguza hadi 2880 kwa 2160. Ya kamera, 3240 kwa 2160. Pembeni patabaki nafasi, paache. Ukilazimisha picha ya simu ijaze kioo chote unakata robo ya kimo chake. Ya kamera, karibu asilimia 16. Kwenye picha ya ukoo waliosimama mistari mitatu, robo hiyo ni miguu ya watoto waliokaa chini au vilemba vya walio nyuma. Na usikubali kabisa ile namna ya kuvuta picha ipanuke, inanenepesha kila mtu. Picha za kusimama za simu ziweke mbili mbili: kila moja 1620 kwa 2160, zinabaki pikseli 600 za upana, ambazo ni nafasi tatu za 200, kushoto, katikati na kulia. Sehemu tupu jaza kijivu cha giza. Ule mtindo wa kuweka nakala ya picha yenyewe ikiwa imefifishwa nyuma unavuta jicho litoke kwenye sura.

Picha za WhatsApp ndizo zitakazokuumiza zaidi. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, picha hushushwa mara nyingi hadi pikseli kama 1600 upande mrefu, na kubanwa juu yake. Kwenye kioo chako hiyo ni chini ya nusu ya upana. Waombe waliopiga picha wakutumie kama dokumenti, au nenda na flashi uchukue kutoka kwenye simu zao. Fanya hivyo mapema, simu hupotea na picha nazo.

Zile za karatasi za bibi na babu zitapendeza kuliko unavyofikiri. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa nukta 600 kwa inchi: upande mfupi unatoka pikseli 2360 hivi, unatosha kimo cha kioo. Picha ya pasipoti yenye kimo cha sentimita 4.5 inahitaji nukta 1200. Zilizogandana na kioo cha fremu kwa unyevu wa pwani usizibandue, picha yenyewe itabaki kwenye kioo. Zipige picha zikiwa humohumo, kamera ikiwa sambamba nazo na taa ikitoka pembeni.

Kama runinga yako imefaulu jaribio la mistari hata kwa JPEG, una bahati, tumia JPEG moja kwa moja. Lakini jua zinakokwama. HEIC, aina ya faili la picha ambayo iPhone zinatumia tangu 2017, runinga nyingi haziisomi, igeuze. JPEG iliyohifadhiwa kwa namna ya kujichora hatua kwa hatua (progressive) nayo hukataliwa na runinga nyingi, ukaona alama ya faili bovu ilhali kwenye kompyuta inafunguka; ihifadhi upya kwa namna ya kawaida. Picha za kusimama zinazotokea zimelala, maana yake runinga haijasoma alama ya mzunguko, kwa hiyo zungusha pikseli zenyewe. Rangi ziwe za mpangilio wa kawaida, sRGB. Yote haya programu ya XnView MP inayafanya kwa folda nzima kwa mpigo mmoja. Ukitumia Mac, futa vifaili ambavyo majina yake yanaanza na nukta na mstari wa chini (._), runinga huvihesabu kama picha mbovu. Kwa ubora wa 90 kila picha itakuwa kama megabaiti 2 hadi 4, hivyo flashi ya gigabaiti 16 inabeba maelfu.

Kisha rimoti. Runinga hutoka dukani ikiwa kwenye namna ya picha iitwayo Vivid au Dynamic, iliyotengenezwa kushinda taa za duka. Weka Movie, Cinema au Filmmaker. Siku mbili za kwanza utaiona ya njano, subiri macho yazoee. Zima kontrasti (tofauti ya giza na mwanga) ya kujibadilisha yenyewe. Hili nalisisitiza, kwa sababu ndilo linaloharibu ngozi zetu: bibi harusi aliyevaa shela jeupe, mashine inaona weupe mwingi, inazamisha giza, na uso wake unageuka kivuli kisicho na mashavu wala tabasamu. Zima pia ile kazi ya kuondoa chengachenga, inafuta nyuzi za vitambaa. Ukali wa picha ushushe ukitazama ile mistari na maandishi meusi, mpaka ule mng'ao mweupe kando ya herufi uishe. Kwa runinga nyingi ni sifuri, kwa nyingine ni katikati. Hakikisha runinga haikuzi picha na kukata kingo: kwenye menyu tafuta Screen Fit au Just Scan. Bila hilo hesabu yote ya pikseli niliyokupa inavunjika.

Kuhusu OLED, vioo ambavyo kila pikseli inawaka yenyewe: weusi wake ni mzuri mno, lakini kitu kisichosogea kikikaa saa nyingi kila siku kinaweza kuacha alama ya kudumu. Saa, tarehe, hata zile nafasi za pembeni. Kwa skrini ya kuwaka jioni zote, LCD, yenye taa nyuma ya kioo, inakufaa zaidi.

Ukutani sasa. Pikseli moja ya skrini ya 4K ya inchi 55 ina upana wa milimita 0.32, na jicho zima huacha kuzitenganisha ukiwa mbali kama mita 1.1. Za HD ni mita 2.2. Maana yake ukiwa kwenye sofa mita 3, tofauti huioni. Utaiona pale mgeni atakapoinuka kwenda kuuliza yule aliyesimama nyuma ya babu ni nani. Basi usiweke shokesi wala meza chini ya skrini, acha mtu afike. Kwa sababu hiyohiyo ningeweka katikati ya kioo sentimita 120 kutoka sakafuni, juu kidogo kuliko runinga ya kukaa na kutazama. Dirisha liwe ubavuni, lisitazamane na kioo.

Kabla ya kununua bano la kutundikia pima umbali wa matundu manne ya nyuma, 200, 300 au 400 milimita. Skrini ya ukubwa huo huwa na kilo kama 12 hadi 20. Ukuta wa tofali za saruji unaubeba bila shida, ila lipu haishiki kitu: skrubu iingie tofalini angalau sentimita 5 baada ya lipu, na vumbi lipulizwe kabla ya plagi ya plastiki kuingia. Fundi asitoboe juu au chini ya soketi na swichi kwa mstari ulionyooka, nyaya hupita hapo. Ukuta wa jipsam bodi unahitaji mbao au chuma nyuma yake.

Umeme: weka TV guard, kifaa cha kuikinga runinga na umeme unaoruka, kwani unaporudi ndipo unaporuka. Ukirudi, huenda runinga ikabaki imelala mpaka mtu aiwashe na kuanzisha video upya, usidhani imeharibika. Ikila wati 100 kwa saa 5 kwa siku ni nusu uniti, uniti 15 za LUKU kwa mwezi. Kwa upepo wenu wa bahari, futa kioo kwa kitambaa kikavu laini tu, dawa ya madirisha inakula utando wake.

Faili la mistari na video yake nimekutumia kwa barua pepe. Ukimpa mtu mwingine, mpe kwa flashi. Likipita WhatsApp kama picha linakufa palepale, na atakataa skrini nzuri bure.

Wako,
swahiba wa Tabata