Fomu ya maoni haikuuliza la maana

Mhariri,

Mama aliporuhusiwa kutoka wodini wiki jana, fomu ya maoni ilitufikia kabla ya dawa. Shuka safi? Mapokezi mazuri? Nikajibu "ndiyo" kote, maana muuguzi alikuwa amesimama pembeni akiisubiri (nani angeandika vingine?). Hakuna palipoulizwa kama tulielezwa zile tembe nyeupe humezwa kabla ya kula au baada. Hatukuelezwa.

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari na mtafiti wa huduma za afya, aliugawa ubora wa tiba mafungu matatu: mazingira na vifaa, namna mgonjwa anavyohudumiwa, na matokeo. Fomu yetu iliishia kwenye shuka.

Hospitali zitupigie simu baada ya wiki, tukiwa nyumbani, ziulize: mgonjwa anaendeleaje, na dawa anazimezaje?

Mwana aliyeuguza