Mkisema tuchukue tahadhari, tuambieni basi tuchukue nini

Mhariri salaam,

Naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lenu. Sisi huku Kilwa kila msimu ukifika tunasikia redioni na kwenye magrupu ya WhatsApp lile tangazo la kimbunga la TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, njano chungwa nyekundu, upepo kilomita kadhaa kwa saa, mawimbi mita kadhaa, halafu mtangazaji anamalizia "wananchi wote mnashauriwa kuchukua tahadhari" anaweka mziki. Sasa tahadhari yenyewe ndo ipi? Mvuvi anaelewa, haendi baharini, anakipandisha chombo juu, anafungua mashine anaipeleka nyumbani, kwisha. Ila mama mwenye nyumba ya bati na watoto, au mpangaji ambae mwenye nyumba yuko Dar na simu hapokei, huyo achukue nini?

Siwalaumu watu wa hali ya hewa, tena wao wanajitahidi sana. Kimbunga Hidaya mwezi wa tano 2024 walisema mapema kabisa, boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa, kila mtu akajua. Shida ni kwamba taarifa inafika mlangoni haiingii ndani.

Halafu watu wetu wameshazoea kupuuza, na ukiwasikiliza unaona kabisa imetoka wapi. 2019 kilipokuja Kenneth kule Mtwara shule zilifungwa, maofisi yakafungwa, watu wakaambiwa wahamie sehemu salama, mwisho wa siku kimbunga kikaenda kushukia Cabo Delgado kwa jirani zetu Msumbiji kikaua na kubomoa kule, huku kwetu ikabaki vichekesho vya kijiweni. 2021 Jobo nacho kikaishiwa nguvu baharini kabla hakijatufikia. Kwaiyo kijana anakwambia "vimbunga havitupati bwana, tuko karibu na ikweta". Ni kweli kwamba karibu na ikweta kimbunga kinashindwa kujizungusha vizuri ndo maana vingi vinaishia Madagaska na Msumbiji, lakini mara chache sio kamwe jamani! Lindi walipigwa Aprili 1952. Zanzibar walipigwa Aprili 1872, minazi na mikarafuu ikalala chini, Pemba ndo ikasalimika. Hizi habari zipo zimeandikwa, sio hadithi za bibi.

Na hiyo Hidaya yenyewe watu wanayosema iliyeyuka, upepo kweli ulikufa ilipofika Mafia, lakini mvua je? Ardhi ilikuwa imeshashiba maji tangu Machi, mito imejaa, ikaja mvua ile ikamalizia, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga, maji yakabeba makalavati na tuta lote, mabasi na malori yakakwama pande zote mbili hadi waziri wa ujenzi akaja kukaa pale pale. Sisi tulio katikati ndo tulijua maana yake. Bati halijatoka hata moja lakini dukani unga unaisha na lori la unga liko ng'ambo ya maji. Kwaiyo mi naona tunajiandaa vibaya, wote tunaogopa ule usiku wa upepo, hizi siku zinazofuata hakuna anaezifikiria.

Naandika hapa mambo ambayo ningependa mtangazaji ayasome badala ya kuweka mziki.

Paa kwanza. Upepo haulingoi bati kwa juu tu, unaingia na chini ya ukingo unalinyanyua, likishafunguka moja la pembeni upepo uko ndani na mengine yanafuata. Kwaiyo kagua pembeni na kwenye kofia, msumari uliolegea usiugongelee tundu lile lile, ongeza mwingine pembeni yake kwenye mbao nzima, na kenchi zifungwe kwa waya kwenye ukuta au nguzo, waya wenyewe ule wa kufungia nondo ambao bei yake sio ya kumshinda mtu. Ila hii ni kazi ya kabla, siku mawingu yamefunga usipande juu. Mawe na matairi tunayoweka juu ya bati yashusheni, upepo mkubwa unayarusha kwa jirani. Sola ya kuchajia simu na dishi la king'amuzi shusha pia.

Minazi sasa, hapa ndo nataka kusema sana maana naona haisemwi kabisa. Kila nyumba huku ina mnazi umeinama kwenye paa, na juu kule kuna nazi kavu na makuti yaliyokauka yananing'inia. Nazi moja kutoka kule juu na upepo nyuma yake inatoboa bati vizuri tu, na kichwa cha mtu hatujakiongelea. Ukisikia angalizo la njano tu muite mkwezi aangue zote, mbichi na kavu, na akate makuti makavu. Ukisubiri nyekundu hapandi mtu, na akipanda wewe ndo wa kulaumiwa. Nazi zenyewe hazipotei, utapikia wiki nzima. Tawi la mwembe lililooza juu ya choo nalo ni hivo hivo.

Maji. Mvua kubwa ikija visima vifupi na vyoo vya shimo vinachanganyika, baada ya hapo ni matumbo ya kuendesha na kipindupindu. Jaza madumu, ndoo, mapipa, kila chenye mfuniko, kabla. Ya kunywa baada ya mafuriko chemsha au weka dawa ya maji kama WaterGuard, hata kama yanaonekana meupe.

Chakula weka kisichotaka kupikwa sana, mihogo mikavu, karanga, tende, na unga na mchele uinue juu usiwe sakafuni. Mkaa ingiza ndani uwe mkavu. Lakini jiko la mkaa usiliwashe chumbani umefunga madirisha kisa mvua, moshi wake ule usioonekana unaua familia nzima wamelala. Hili kila mwaka linasemwa na kila mwaka tunazika.

Hela! Watu wote saivi tuna hela kwenye simu, umeme ukikatika mnara nao haukawii kuzima, na wakala hana mtandao, utakula nini? Toa kidogo ukae nayo mkononi noti ndogo ndogo. Luku nunua kabla kwa sababu hiyo hiyo. Chaji simu na tochi, na kiredio cha betri kama unacho usikidharau. Maji yakianza kuingia ndani zima swichi kubwa ukiwa bado umesimama pakavu.

Dawa za presha, sukari, pumu na ARV, nenda kituo cha afya mapema ueleze, usisubiri kibakie kidonge cha mwisho. Mjamzito aliyekaribia asogezwe kwa ndugu karibu na hospitali mapema, maana barabara ikikatika bodaboda haiogelei. Vyeti vya kuzaliwa, NIDA, kadi ya kliniki, hati ya shamba, vyote kwenye mfuko wa nailoni ukafungwa vizuri ndani ya begi moja ambalo kila mtu ndani anajua lilipo.

Na kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, kimbunga kikipita juu yenu sawasawa upepo unakata ghafla, kunatulia, hata nyota unaweza kuziona. Watu wanatoka nje kukagua na kupiga picha. Hapo hakijaisha, hiyo ndo katikati yake, upepo unarudi kwa kasi ile ile kutoka upande wa pili. Kaeni ndani mpaka redio iseme kimepita. Kama nyumba ni ya udongo au iko bondeni usikae humo kabisa, nenda kwenye shule au msikiti wa tofali uliopo mwinukoni, nenda mchana, na mzee wa jirani asiyetembea mmchukue.

Wenye nyumba nao nawaomba, mpangaji akikupigia kwamba bati limelegea usimwambie "utakata kwenye kodi" halafu ukazima simu. Wenyeviti wa vijiji na mitaa mnavyo vipaza sauti vya kutangazia chanjo na mikutano, ni kazi gani kupita navyo mkisema habari ya madumu na mkwezi?

Na nyie Mhariri, msimu wa vimbunga unaanza rasmi Novemba. Tunaomba ukurasa mmoja tu wa haya mambo utoke kabla ya hapo, tena kwa herufi kubwa, maana huku wanaonunua gazeti ni wazee na miwani wanaazimana.

Mkazi wa Kilwa Masoko,
Lindi